Je, wajua kwa nini jengo la kijani huulizwa kwanza habari za tope?

Jengo linaweza kuwa na paneli za sola paani na madirisha ya kupunguza joto, lakini katika LEED, mfumo wa Marekani wa kutoa vyeti kwa majengo ya kijani, yaani yanayojali mazingira, mjenzi asiyezuia tope lisitoke saiti hapati cheti. Sharti hilo halimpi hata alama moja. Ni la lazima tu.

Ukali huo unatokana na ukubwa wa chembe za udongo. Majani yakishafyekwa, tone kubwa la mvua huipiga ardhi tupu kwa mwendo wa kama mita 9 kwa sekunde na kuyavunja mabonge. Mchanga hausafiri mbali, kwani hutuama mara maji yanapopungua kasi. Shida ni udongo wa mfinyanzi. Chembe yake ya milimita 0.002 huhitaji takriban saa 8 kuzama sentimita 10 katika maji yaliyotulia. Bwawa la kutuamisha tope lenye kina cha mita moja, basi, litataka zaidi ya siku tatu, na mvua nyingine haisubiri. Chembe hizo zikifika mtoni huzuia mwanga, hufunika mayai ya samaki, na hubeba fosforasi inayostawisha mwani.

Wengi hudhani ule uzio wa kitambaa unaozunguka saiti ni chujio. Sivyo: matundu yake ni makubwa kuliko chembe za mfinyanzi. Kazi yake ni kuyasimamisha maji ili vilivyo vizito vizame. Ndiyo maana hufuata kontua, yaani mstari wa ardhi yenye kimo kimoja, na ukingo wake wa chini hufukiwa mtaroni. Ukiuacha unaning'inia, maji hupita chini yake na wewe umebaki na pambo.

Mfinyanzi waweza kugandishwa kwa shabu au jasi, kwa kuwa chembe zake zina chaji hasi zinazosukumana, na dawa hizo huipunguza nguvu chaji hiyo. Lakini dawa nazo zahitaji kuangaliwa zisimwagike mtoni. Kwa maoni yangu, fedha hutumika vizuri zaidi kabla udongo haujang'oka: kufyeka sehemu inayojengwa sasa tu, kutandaza nyasi kavu kwenye miteremko, kufunika vifusi, kuotesha majani mapema.

Langoni humwagwa kokoto kubwa za kukung'uta matairi ya malori, maana tope likishafika barabarani halikutani tena na uzio wala bwawa, ila mfereji wa maji ya mvua.