"Mpe kazi, atatulia"

Wiki iliyopita nimeambiwa tena. Safari hii ni mwajiri, mtu mwenye moyo mzuri, kanipigia simu kwamba kijana niliyempelekea ameacha kazi siku ya tisa bila kuaga. "Si mlisema shida yao ni kazi? Kazi nimempa. Sasa anataka nini?"

Miaka yote niliyokaa na vijana wanaotoka gerezani, kauli hii nimeisikia kwa wazazi, kwa viongozi wa dini, kwa wafadhili. Mpe kazi, atatulia. Kazi inahitajika, sibishi. Kitambulisho kinahitajika, pa kulala panahitajika, na rekodi ya kosa inafunga milango mingi. Hayo yanajulikana. Ninachokikataa ni kumwona kijana kama pikipiki iliyokosa plagi: ukiifunga, inawaka.

Nilimtafuta yule kijana. Kilichotokea ni hiki. Msimamizi alimwita kwa kidole mbele ya wenzake, akamwambia kwa sauti ya juu afagie upya. Basi. Hakuna tusi, hakuna kofi. Mwajiri hata hakukumbuka tukio lenyewe. Kijana yeye aliniambia, "Nilimwona nyapara." Na lugha yetu haikukosea, maana anayesimamia vibarua ni nyapara na anayewasimamia wafungwa wenzake ni nyapara. Alikaa miaka minne mahali ambapo ukidharauliwa mbele za watu ukanyamaza, umeshatangaza unyonge wako, na usiku utanyang'anywa blanketi. Mwili ukafundishwa kujibu kabla kichwa hakijafikiri. Siku ile alikuwa na majibu mawili tu: apige, au aondoke. Akaondoka. Kwa mwajiri huo ni uvivu na kukosa shukrani. Kwangu mimi ni kijana aliyeshinda pambano gumu bila shahidi hata mmoja, na nakasirika kila ninapoona ushindi wa namna hiyo ukiandikwa "ameshindwa".

Kijana mwingine, akija ofisini, husimama mbele ya mlango. Haujafungwa kwa ufunguo. Anasubiri. Miaka sita hakushika kitasa. Mlango ulifunguliwa na mwenye funguo, chakula kilikuja kwa kengele, taa ilizimwa na mtu mwingine. Mtu huyo unampa kazi halafu unashangaa kwamba hakupiga simu kusema anaumwa? Kuamua jambo dogo kwa hiari yako ni misuli, na yake ilidhoofika.

Halafu kuna siku ya mshahara. Watu huogopa siku za njaa. Mimi naogopa mshahara wa kwanza. Fedha ya mwezi mzima inaingia kwa pamoja mkononi mwa mtu mwenye deni la aibu kwa mama yake, marafiki wa zamani wanaojua tarehe, na kiu aliyoibana muda wote. Kulikuwa na programu New York iliyowapa waliotoka gerezani kazi za muda na kuwalipa kila siku baada ya zamu. Watafiti walianza kuwafuatilia watu 977 mwaka 2004 na 2005, wakiwalinganisha waliopata kazi hizo na wasiopata. Kazi za muda zilipokwisha, tofauti ya ajira ikafifia kabisa. Lakini kurudia makosa na kurudi kifungoni kulipungua, hasa kwa waliojiunga na programu kabla ya miezi 3 kupita tangu watoke gerezani. Someni tena hapo. Ajira haikudumu, faida ikabaki. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine ndani ya zile siku, na kilifanya kazi kwa sababu kilikuja mapema.

Mapema nasema kwa uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu watu zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulikuta kwamba katika wiki 2 za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya wakazi wengine, na sababu kubwa ni dawa za kulevya kupita kiasi. Wiki mbili! Sisi wakati huo bado tunajaza fomu.

Sasa niseme linalonikosesha usingizi. Watafiti wa uhalifu John Laub na Robert Sampson waliwafuatilia hadi umri wa miaka 70 wanaume wa Boston, Marekani, waliopitia shule za adabu utotoni. Karibu wote uhalifu wao ulipungua, mmoja mapema, mwingine amechelewa sana. Kwa hiyo vijana wangu wanaotulia wakifika miaka thelathini, ni mimi niliyewasaidia au ni umri? Sijui. Kwa baadhi yao nadhani ni umri. Ila kabla umri haujafika kuna mtu anayeweza kuumizwa na kijana anayeweza kuzikwa, kwa hiyo naendelea.

Mwajiri amekubali kumrudisha. Nimemwomba msimamizi amwite kwa jina, na akitaka kumkosoa amvute pembeni. Kijana naye tumefanya mazoezi ya sentensi moja, "Naomba dakika mbili, narudi," tukairudia karibu mara ishirini, mimi nikimnyooshea kidole kwa makusudi. Mara ya kwanza alikunja ngumi. Mara ya mwisho aliisema huku akitazama chini, mikono wazi. Anaanza Jumatatu, na wamekubali kumlipa kwa wiki.