Maambukizi ya damu kwa mtoto wa dayalisisi ni nini hasa

Ukisema maambukizi ya damu wengi wanawaza ukimwi na homa ya ini tu, ila kwa mtoto anayesafishwa damu kwa mashine kinachomnyemelea zaidi ni bakteria kuingia kwenye damu kupitia mrija wake. Watoto wengi hasa wale wadogo hawana fistula (mishipa miwili ya mkononi iliyounganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo), mishipa yao bado myembamba, kwahiyo wanawekewa katheta, mrija unaopita kwenye mshipa mkubwa wa shingoni hadi karibu na moyo, huku nje zinabaki ncha mbili zenye vifuniko. Sasa hesabu mwenyewe, mashine mara 3 kwa wiki au zaidi, kila mara ncha zinafunguliwa, na kila zikifunguliwa vijidudu vya kawaida tu vya ngozini kama stafilokokasi vinapata njia ya moja kwa moja kwenda kwenye damu.

Ndo maana nesi anaonekana msumbufu. Ananawa, anavaa glavu, anavaa barakoa na mtoto naye anavalishwa, na mzazi aliyesogea karibu pia, kisha anasugua zile ncha kwa dawa kama klorheksidini au spiriti na ANASUBIRI IKAUKE. Hapo kwenye kukauka ndo pa kurukwa kirahisi, wodi imejaa, mtoto analia, mashine inapiga kengele, lakini dawa inahitaji muda kuua vijidudu, ukiunganisha ikiwa mbichi umesugua nusu kazi. Kwa maoni yangu nesi mwenye watoto wengi kupita kiasi ni hatari kuliko nesi asiyejua, maana anajua vizuri tu ila hana hizo sekunde. Mtoto mchangamfu anataka kushika kila kitu, so inasaidia kumpa kitu mkononi kabla ya kuanza.

Bandeji pale mrija unapotokea nayo ina ratiba yake, ila ikilowa au kubanduka inabadilishwa hapohapo, na kuogelea mtoto asahau kwanza.

Virusi navyo havijasahaulika. Cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai kwenye sehemu kavu siku 7 au zaidi, hata damu yenyewe usiione, kwahiyo glavu zinabadilishwa kila mgonjwa, kiti na mashine vinafutwa kwa dawa, sindano zinaandaliwa mbali na viti, watoto wanachanjwa, na mwenye virusi hivyo anapewa chumba na mashine yake peke yake.

Mtoto akianza kutetemeka au kupata homa katikati ya dayalisisi nesi anamwita daktari na damu inachukuliwa ya kuotesha maabara, ikiwezekana kabla ya antibayotiki, ili ijulikane ni kijidudu gani. Na homa ikija nyumbani usingoje zamu ijayo ya mashine wala usimpe panadol ukalala, mpeleke hospitali usiku huohuo na uwaambie mapema kabisa ana katheta.