Je, wajua kwa nini mshale mzuri ni ule unaopinda?

Jumapili moja mpwa wangu alikuja nyumbani Isevya, hapa Tabora mjini, na upinde wa mkole aliouchonga mwenyewe. Mishale alipewa na babu yake. Tukaegemeza gunia la pumba kwenye mwembe. Kwa upinde wa babu, mishale ile haikosei. Kwa huu mpya yote ilikwenda kushoto, mmoja ukachoma ua wa jirani. "Mjomba, upinde wangu ni mbovu?"

Hapana. Upinde mzima, mishale mizima, ila havijaoana.

Mshale haupiti katikati ya upinde. Unalala ubavuni mwake, upande wa kushoto kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Upote, yaani kamba ya upinde, ukiachiwa unarudi mbio kuelekea katikati ya mti, ukilisukuma tako la mshale huko huko, na kishikio kimeziba njia. Mshale mkakamavu mno unagonga kishikio na kukwepea kushoto. Ule unaofaa hupinda kama nyoka, ukakizunguka, manyoya yakapita bila kukigusa, kisha ukaendelea kucheza huku na huku hewani hadi utulie. Kwa macho huoni kitu. Picha za kasi kubwa ndizo zilizofichua siri hiyo. Ulio laini mno hupinda kupita kiasi, ukaenda kulia. (Mashoto ageuze maelezo yote haya.)

Upinde wa babu una nguvu, wa kijana ni mwepesi. Ule ule uti unaopinda vizuri mbele ya nguvu za mzee, kwa kijana unakaa kama fimbo.

Tuliazima mizani ya ndoano kwa muuza asali, tukavuta upote hadi mahali anapouvuta yeye akilenga: kilo 18. Kisha tukalaza mshale juu ya viti viwili vilivyoachana sentimita 66, tukaning'iniza katikati mfuko wa sukari wa kilo moja. Kwa upinde wa nguvu hiyo, uti uliochongwa unapaswa kushuka milimita 18 hivi, na zaidi kidogo kama kishikio ni kinene, kama kilivyo kwenye pinde nyingi za kuchonga nyumbani. Wa babu ulishuka milimita 11 tu.

Dawa ni msasa, lakini taratibu. Ukipunguza unene kutoka milimita 9 hadi 8, umepoteza zaidi ya theluthi ya ukakamavu, na mti ukishaondoka haurudi. Mimi huanza na chembe, yaani ncha ya mshale: chembe kizito zaidi hufanya mshale upinde zaidi, na kukibadilisha hakuharibu kitu. Kama mshale ni laini, ukate ufupi kidogo, mradi chembe kisirudi nyuma ya kidole ukivuta hadi mwisho.

Uzito nao uangaliwe. Kwa upinde wa mti, gramu 1.4 kwa kila kilo ya mvuto ni kipimo cha kuaminika, yaani gramu 25 hivi kwa huu wetu. Mshale mwepesi kama bua haubebi nguvu yote. Inayobaki inarudi kwenye mti, na mti hupasuka. Ndiyo sababu wazee hufoka wakimwona mtoto anaachia upote mtupu.

Tulipiga msasa mishale miwili, tukiipima kwa sukari kila mara. Wa kwanza ulipofika milimita 17 uliingia guniani, kiganja kimoja kushoto mwa alama ya mkaa. Mpwa wangu akaomba msasa tena.