Wasiopiga Kura Si Wavivu Tu

Katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa milioni 22.1. Waliofika vituoni ni takriban asilimia 65. William Ruto alimshinda Raila Odinga kwa kura 233,211, ilhali waliosajiliwa na wasitokee walikaribia milioni 7.8. Wengi wakiona hesabu hiyo huwaita hao wote wavivu. Sisi wa elimu ya mpiga kura tunaokutana nao sokoni na kwenye steji za boda tunasikia mengine.

Kikwazo kinachosikika sana ni umbali. Sheria inakutaka upige kura katika kituo ulikosajiliwa, si kwingine. Kijana aliyejiandikisha kijijini Busia kisha akapata kibarua Nairobi hana budi kusafiri hadi Busia, tena wakati nauli zimepanda. Siku ya uchaguzi ni sikukuu, ndiyo, lakini anayelipwa kwa siku hana sikukuu yenye malipo. Ukijumlisha nauli ya kwenda na kurudi na ujira wa siku mbili tatu, kura inakuwa ghali kuliko kodi ya chumba chake. Mtu huyo hakosi uzalendo, amepiga hesabu.

Kisha kuna anayeishi katika ngome ya chama. Huko mshindi hujulikana tangu kura za mchujo, zile za chama kuteua mgombea wake, na kampeni inabaki kuhimiza watu wapige kura ya suti, yaani chama kimoja kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Wapinzani wa chama hicho hujiuliza watokee ili iweje, na wafuasi wake nao hulala wakijua watashinda hata hivyo. Kwa upande wa rais, hesabu hii ina kasoro: kura zote za nchi huingia kapu moja, na mshindi anahitaji kupita nusu. Kwa kiti cha ubunge, sina jibu la kumtuliza. Hapo mchujo ndio uchaguzi wenyewe, na wachache mno huujali.

Wapo pia wanaosusia kwa makusudi. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais wa Agosti 2017, ule wa marudio ulifanyika Oktoba 26 bila Odinga, aliyejiondoa. Waliojitokeza hawakufika hata asilimia 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura haikupigwa. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini kule kukaa nyumbani kulikuwa ujumbe wa kisiasa.

Hizo asilimia, hata hivyo, zinaficha kundi jingine. Zinahesabu waliosajiliwa pekee. Asiyejiandikisha hayumo kabisa. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ililenga kusajili wapiga kura wapya milioni 6 katika awamu ya kwanza ya usajili wa halaiki, ikapata takriban milioni 1.5. Vijana wa miaka 18 hadi 34 waliokuwa kwenye sajili ya 2022 walikuwa wachache kuliko mwaka 2017. Miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana ndio waliojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya. Kusema hawajali siasa ni kukataa kuona. Wengi walijali vizuri tu. Walichokosa ni imani kwamba debe lingebadilisha chochote, na wengine hawakuwa hata na kitambulisho, ambacho katika kaunti za mipakani kwa miaka mingi kilimtaka mwombaji apigwe msasa kwanza, yaani ahojiwe kuthibitisha uraia wake.

Imani hairudishwi na semina. Umbali lakini una dawa. Aliyehama anaweza kuhamisha usajili wake bila malipo: anafika mwenyewe katika ofisi ya IEBC ya eneobunge anakoishi sasa, akiwa na kitambulisho chake halisi. Sheria inataka afanye hivyo angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo anayengoja msimu wa mikutano ya kampeni upambe moto huenda akakuta muda umeshapita.