Stima haisafiri ndani ya waya, na mengine ya elektrodinamiki ya uzamili

Dhana: "Milinganyo ya Maxwell ni minne tu, na niliimaliza shahada ya kwanza."

Minne ni kweli: ndiyo kanuni za msingi za elektrodinamiki, yaani fizikia ya umeme na sumaku. Maxwell mwenyewe aliandika 20 mwaka 1865. Oliver Heaviside ndiye aliyeikunja kwa vekta miaka ya 1880. Lakini kazi ya uzamili iko kwenye masharti ya mipaka, yaani yale ambayo uga lazima utimize pale kitu kimoja kinapokutana na kingine. Chukua chaji mbele ya tufe la chuma lililounganishwa na ardhi. Kuna ujanja: weka chaji moja ya taswira, yaani chaji ya kubuni, ndani ya tufe, jibu linatoka. Sasa ondoa chuma, weka tufe la plastiki. Ujanja ule hauna kazi tena. Itabidi uandike jibu kama jumla ndefu ya vipande vya kihisabati viitwavyo polinomia za Legendre, hatua kwa hatua. Nilikaa wiki mbili na swali la aina hiyo, na ndizo wiki zilizonifundisha zaidi.

Dhana: "Stima hupita ndani ya waya kama maji kwenye bomba."

Hii ndiyo ngumu kuing'oa. Ampia 1 ikipita katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba, elektroni husogea takriban sentimita 26 kwa saa nzima. Tena stima ya nyumbani kwetu ni ya hezi 50: elektroni hutikisika tu palepale zilipo. Basi nishati inapitia wapi? John Henry Poynting alijibu mwaka 1884: katika uga wa umeme na uga wa sumaku unaouzunguka waya. Sehemu ndogo huelekea ndani ya waya, nayo ndiyo inayoupasha joto. Nishati kutoka mitambo ya umeme ya Olkaria inayowasha taa Kawangware, Nairobi, imesafiri nje ya metali, nyaya zikiionyesha njia. Siku nilipolikokotoa hilo mwenyewe, nilitoka kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi nikawa naziangalia nguzo za barabarani kwa macho mengine.

Dhana: "Elektrodinamiki ya klasiki maana yake imepitwa na wakati."

Maana yake ni bila kwanta, yaani bila kanuni za ulimwengu wa atomu. Makala ya Einstein ya 1905 kuhusu uhusianifu (relativity) ilihusu elektrodinamiki ya vitu vinavyosogea, na antena za simu juu ya maghorofa ya Upper Hill husanifiwa kwa milinganyo hiyohiyo.

Dhana: "Vizio ni jambo dogo."

Angalia kitabu chako kinatumia mfumo wa vizio wa SI (wa mita, kilo na ampia) au wa Gauss (wa sentimita na gramu) kabla hujaandika mstari wa kwanza. Katika Gauss, uga wa umeme na uga wa sumaku hupimwa kwa kizio kimoja. Katika SI sivyo.