Al-Islah ya Mombasa, 1932: gazeti katika hati iliyokuwa ikiachwa

Anayetafuta historia ya magazeti ya Kiswahili kwa kawaida huanzia Tanga, kwenye Kiongozi la wakati wa Wajerumani, kisha hushuka Dar es Salaam kwenye Mambo Leo, lililotolewa na serikali ya Waingereza kuanzia 1923. Yote hayo yaliandikwa kwa herufi za Kirumi, na kila aliyepita shule ya serikali aliweza kuyasoma. Al-Islah, gazeti la kila wiki lililotoka Mombasa mwaka 1932, mara nyingi halitajwi. Naamini sababu yake si uchache wa matoleo peke yake: gazeti hilo lilichapishwa kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, na wengi wa wanahistoria wetu hawakupita chuoni, yaani madrasa ya Kurani.

Mwenyewe alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo uliowahi kuutawala mji huo hadi 1837, Seyyid Said alipouchukua. Alilelewa na kusomeshwa na Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, na akachukua elimu Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Pamoja na darsa hizo za msikitini alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Kairo tangu 1898, na humo ndimo alimolikuta wazo kwamba unyonge wa Waislamu mbele ya Wazungu haukutokana na dini yao bali na kuzembea kwao katika elimu, kazi na umoja. Hata jina la gazeti limetoka huko. Islah ni kutengeneza kilichoharibika, na msomaji wa Kurani hulikumbuka neno hilo katika sura ya Hud, Nabii Shuaibu anapowaambia watu wake kwamba hataki ila kutengeneza kadiri awezavyo.

Kabla ya Al-Islah palikuwa na Sahifa, karatasi ndogo aliyoianza mwaka 1930, na ambayo jina lake halidai zaidi ya kuwa ukurasa. Humo Sheikh aliwaandikia watu wa Mombasa kama anavyosema mzee barazani: waziwazi, kwa ukali wa mtu wa nyumbani. Aliwalaumu waliokopa fedha ili wafanye harusi za fahari na matanga ya kulisha mji mzima. Aliwahimiza wasomeshe watoto, wa kike pamoja na wa kiume, na washike biashara na kazi za mikono badala ya kujivunia nasaba. Kuhusu Wazungu alikuwa na kauli ninayoiona kuwa kiini cha uandishi wake wote: waigwe katika bidii, elimu na kusaidiana, si katika kofia, mavazi na dansi.

Maneno hayo yalikuwa na mzizi wake ardhini. Kwa sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, mashamba ya ukanda wa pwani wa maili 10, ambao kwa jina ulikuwa bado wa Sultani wa Zanzibar, yaliandikishwa na kugeuka kitu cha kuuzika na kuwekwa rehani kwa urahisi, na wengi wa wenye mashamba ya minazi na miembe waliyauza. Kila harusi ya deni, basi, ilikuwa na shamba nyuma yake. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929.

Sasa nirudi kwenye hati, kwa kuwa hapo ndipo wanafunzi wangu huchoka. Kiarabu kina irabu tatu tu, fat-ha, kasra na dhumma, kwa hivyo katika maandishi ya kale kasra ilibeba i na e, na dhumma ikabeba u na o. P haimo, ikaandikwa kwa ba. Na ile m ya mb iliachwa tu. Andika ba mbili, kila moja na kasra yake, na mbele yako umeandika bibi, au pipi, au pembe. Mshairi hakujali, kwani aliyesoma utenzi alikuwa keshausikia. Mhariri wa gazeti hana fursa hiyo, maana habari ya leo haijasikiwa na mtu, na Sheikh Al-Amin alikuwa miongoni mwa walioshughulika kuzirekebisha herufi hizo zikidhi sauti za Kiswahili.

Wakati ulimpa kisogo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papo hapo Mombasa ulikiteua Kiunguja, si Kimvita cha Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930, ule ule wa Sahifa, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi kwa herufi za Kirumi. Al-Islah likatoka katika mji usemao nti na ndia wakati shule zinafundisha nchi na njia.

Kwa nini halikudumu? Kwa maoni yangu, hesabu yake ilikuwa ngumu tangu mwanzo: wasomaji wa Kiarabu walikuwa wachache, na watoto wa shule walikuwa wakiizoea hati nyingine. Tena katika mwaka huo wa 1932 Sheikh alikuwa kadhi wa Mombasa, akala mshahara wa serikali ile ile ambayo mhariri hulazimika kuikosoa. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokishika hadi kufa kwake 1947.

Makala za Sahifa zilikusanywa baadaye katika kitabu, Uwongozi, kwa herufi za Kirumi, na kwa njia hiyo zinasomwa hadi leo na watu ambao karatasi ya asili isingewaambia neno. Al-Islah halikupata bahati hiyo. Mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye Kadhi Mkuu baada ya uhuru, alipoanzisha gazeti lake Mombasa katika miaka ya 1970, aliliita Sauti ya Haki, na akaliandika kwa Kirumi.