Bakora haimfunzi mtoto kusema kweli, na mengine tunayoyaamini sivyo

Wiki ilopita kwenye kikao cha wazee hapa skuli kwetu, Wete, Pemba, mzee mmoja alisimama akasema yeye kamleta mtoto wake kusoma, hakumleta kucheza nage, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wengi wakaitikia. Mie nasomesha darasa la tatu na hiyo nage naichezesha mimi, tena kwa makusudi, sasa nimekaa na yale maneno siku nzima nikaona bora niandike, mana sio nage peke yake, kuna mambo mengi tunaamini kuhusu tabia za watoto na mengine ni sivyo kabisa.

Nianze na bakora maana ndio kubwa. Watu wanasema mtoto asipochapwa hawi na adabu, atakuwa muongo. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti wao walioufanya Afrika Magharibi, kwenye skuli mbili, moja wanachapa watoto na nyengine hawachapi. Mtoto wa miaka 3 au 4 anawekewa kitu cha kuchezea nyuma yake, anaambiwa asigeuke kutazama, mtu mzima anatoka. Watoto wengi wa skuli zote mbili walichungulia, watoto ni watoto. Lakini walipoulizwa, wale wa skuli ya bakora karibu wote walochungulia walikana, na uongo wao waliufunika vizuri kuliko wenzao. Yani bakora haikuwazuia kuchungulia, iliwafunza kuficha.

Na mie hili nalijua bila ya utafiti. Nilipokuwa darasa la nne nilipoteza kitabu cha darasa, nikajua nikisema kweli nachapwa, nikasema kimeibiwa. Akachapwa mtoto mwengine alokuwa akikaa nyuma yangu. Mpaka leo nikikutana nae sokoni linaniuma, na sijapata kumwambia.

Kisha kuna hizi hadithi za kutisha. Tunaona tukimsimulia mtoto habari ya yule kijana alodanganya kijiji kuwa kuna mbwa mwitu, mwisho mbwa mwitu kaja kweli na hakuna aliyemsaidia, basi atakoma. Kang Lee na wenzake walijaribu na hilo pia, mwaka 2014, watoto wa miaka 3 mpaka 7. Walosimuliwa hiyo ya mbwa mwitu hawakusema kweli zaidi kuliko walosimuliwa hadithi isiyohusu uongo. Walobadilika ni walosikia ile ya utotoni ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alokata mti wa baba yake akakiri, na baba akafurahi kwa kuwa kasema kweli. Na walipoibadilisha ile hadithi mwisho wake ukawa mbaya, haikusaidia tena. Kwa hiyo siku hizi nikisema paukwa, wakaitikia pakawa, natafuta hadithi ambayo mtoto alosema kweli kapata faraja, na kama siijui natunga.

Sasa nage. Mzee wangu yule anaona ni kupoteza muda, na namuelewa, mtihani upo na anataka mtoto afaulu. Ila hebu tazama. Wawili wanarusha mpira, walioko kati wanakwepa, ukikugusa unatoka. Juzi mpira wetu wa soksi ulimpitia msichana mmoja kwenye pindo la sketi, mie nilikuwa hatua tatu sikuona, wenzake hawakuona, na upande wao alikuwa kabaki yeye peke yake. Akalitazama pindo, akasimama kidogo, kisha akatoka akasema umenigusa. Wenzake wakamnunia vibaya sana. Nikasimamisha mchezo tukakaa chini ya muembe, wakabishana weee, mmoja anasema si angenyamaza tu, mwengine anasema na wewe ungependa ufanyiwe hivyo, mwisho wakaweka sharti wao wenyewe kwamba anaejitoa bila ya kuonekana anakuwa wa kwanza kuingia mchezo unaofuata. Hilo somo ningeliandika ubaoni, "tuseme kweli", wangelinakili na kulisahau. Kusema kweli kunataka pahala ambapo mtoto anaweza kudanganya na akaamua asidanganye, na kwenye nage pahala hapo anapapata mara ishirini kwa kipindi kimoja.

Wala sio mambo mageni kwetu, Zanzibar tulikuwa na vipindi vya redio vikiitwa Tucheze Tujifunze, watoto wadogo wakiimba na kuhesabu hukohuko darasani.

Na hesabu zimo kwenye mchezo. Chukua bao letu, mashimo 32, kete 64, kila mtu ana 32, mwanzo 10 zimo baoni na 22 mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Namuuliza mtoto, mkononi zimebaki 15, umeshaingiza ngapi? Anajibu 7 hata kidole hakuhesabu, na mtoto huyo huyo ukimuandikia 22 toa 15 kwenye daftari analia.

Jengine, "una akili wewe!" Tunaona ni sifa nzuri, na mie nilikuwa naisema sana. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck waliwapa watoto wa darasa la tano huko Marekani mafumbo, wengine wakawasifu akili, wengine wakawasifu kujitahidi. Baadae wakawapa magumu, wakaanguka wote. Walosifiwa akili hamu ya kuendelea ikawapungua, na walipoambiwa waandike alama zao kwa mtoto wasiyemjua, karibu 4 kati ya 10 waliziongeza. Sasa nasema nimeona ulivyorudia mara tatu, basi.

Wale wanaosema tabia ni kazi ya chuo cha Kurani kwa ustadhi, mimi nasema ni ya kwake na yangu na ya kwako wewe nyumbani, mtoto ni mmoja. Na wanaosema michezo inataka pesa, soksi kuukuu mnazo, na komwe za kuchezea bao wanafunzi wangu waliziokota wenyewe pwani.

Ijumaa jioni yule mzee nilimuona barazani kwake na mwanawe, bao liko kati yao. Mtoto ndio alokuwa akimhesabia kete.